Tiketi ya Rehema

Nimekwenda kwa Rehema! Kabula mwanangu, nimekwenda kwa miguu yangu mwenyewe, nimekaa kwenye kiti chake cha plastiki pale barazani, nimemwambia yote, na sijafa. Hata chai nimekunywa.

Haya, sasa ndiyo nakusalimu. Hujambo mama? Najua hujambo, maana asubuhi umeniamkia hapa hapa jikoni kabla hujaenda Bujora kumuaga bibi yako. Lakini barua bila salamu inakuwa kama tangazo la serikali ya mtaa, kwa hiyo ipokee. Ukirudi jioni nyumba itakuwa imejaa watu, na kesho uwanja wa ndege ndiyo usiseme, na mimi mbele za watu unanijua, nitaongea kwa sauti kubwa na nitaongea yasiyohusika. Ndiyo maana naandika. Isome ukiwa angani, mahali ambapo huwezi kunijibu.

Habari za sweta na dawa ya kifua na namna ya kufunga dagaa wasinuke kwenye begi, baba yako ameshakuandikia karatasi yake, pande zote mbili. Mimi siyarudii hayo. Yeye sasa hivi yuko chini ya dirisha anahangaika na zipu ya begi lako kubwa, anaipaka mshumaa, ananiuliza naandika nini kirefu hivyo. Nimemwambia hayamhusu, ingawa yanamhusu, utaona.

Msaidizi wa meneja mkuu. Ngoja niliandike tena nione linavyokaa kwenye karatasi. Msaidizi wa meneja mkuu wa timu ya mpira wa Kimarekani. Mtoto wa Igogo hapa Mwanza, uliyezaliwa na mfunga maboksi wa kiwanda cha mafuta ya pamba pale Nyakato, mwanamke wa darasa la saba, wewe ndiye utakayekaa kwenye meza wanapoamua nani anasajiliwa na nani anaachwa. Nimeshawaambia watu wote. Nimemwambia muuza mkaa, nimemwambia katekista, nimemwambia dada mmoja pale benki ambaye wala hakuniuliza. Wengine mtaani wanaamini wewe mwenyewe ndiye unayecheza, unaukumbatia ule mpira mrefu kama papai na kugongana na madume. Sijawasahihisha wote.

Hilo ni kosa langu la kwanza na nalikiri hapa kwa maandishi. Ulipokuwa unawapokea wachezaji uwanja wa ndege na kuwaendesha hadi kambini, mimi huku nilishakuita mkurugenzi. Ulipokuwa unashinda kwenye chumba kisicho na dirisha ukikata video za mechi ili wakubwa wazitazame, mimi nilisema una ofisi yako na katibu muhtasi. Nilikuwa nakupandisha cheo haraka kuliko wao. Sikufikiria kwamba siku ukitaka kushuka kwenye ngazi hiyo utanikuta mimi nimekaa chini yake na mtaa mzima, tunakutazama.

Uliporudi mwezi wa tatu, umekonda, hucheki, nilidhani ni chakula cha kule. Nikakupikia. Wiki nzima nakupikia na wewe unasukumasukuma sahani. Halafu ile siku tunaparua sato kwenye beseni, magamba yanaturukia, ukasema bila kuninyanyulia macho, "Mama, sirudi."

Nikasema, "Hurudi wapi?"

"Kazini. Wamenipa cheo na sikitaki."

Mimi kisu kikanitoka. Ndipo ukanieleza kile ambacho miaka yote hukuwahi kunieleza. Kwamba kabla msimu haujaanza kambi inakuwa na wachezaji wengi mno, na lazima wapunguzwe, na kuna mtu anayetumwa alfajiri kugonga mlango wa yule anayeachwa na kumwambia, kocha anakutaka, njoo na kishikwambi chako. Kishikwambi kwa sababu ndani yake kuna mbinu za timu, na mtu anayeondoka haondoki nazo. Na mtu huyo wa kugonga ni wewe.

"Wakiniona kwenye korido wanajua," ulisema. "Kuna mmoja aliniona kwa mbali akarudi chumbani akajifungia. Mwanaume mkubwa, mama, mlango wote anaujaza. Nikagonga. Akaniuliza kupitia mlangoni kama anaweza kumpigia mama yake kwanza."

Unajua nilijibu nini. Sitaki kuandika lakini nitaandika. Nilisema, "Sasa kugonga mlango ndiyo kazi ya kumshinda mtu? Sisi tumebeba magunia."

Ukaniambia kwamba kwenye cheo kipya hutagonga tena. Utaiandika hiyo orodha yenyewe, na atagonga mwingine. Nikapiga makofi, mikono ina magamba. "Si ndiyo ukubwa huo! Wewe unaandika, wenzako wanatumwa!"

Kesho yake nikatangaza kanisani kwamba umepandishwa cheo na utaondoka. Hukuwa umekubali. Ulikuwa umekaa kwenye benchi pembeni yangu, watu wanageuka kukupongeza, na wewe unatabasamu kama mtu anayeumwa jino.

Tulipofika nyumbani ndiyo ukaniuliza. Hukupaza sauti, afadhali ungepaza. Ulisema, "Mama, nakuheshimu, lakini nijibu. Wewe umewahi kumtazama mtu usoni ukamwambia sikuchagui?"

Baba yako akainua kichwa kutoka kwenye redio yake. Yeye alijua. Mimi nikainuka nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Sasa sikiliza jibu, limechelewa miezi miwili.

Kombe lile lililoko juu ya kabati, lenye mpini mmoja, unalijua. Umekua ukinisikia nikiwasimulia wageni jinsi timu yetu ya netiboli ya kiwanda ilivyokwenda Bukoba na kurudi nalo, na mimi ndiye nilikuwa meneja. Yote ni kweli. Nilichagua wachezaji kumi, na nilichagua vizuri, wala hakuna atakayeniambia vingine mpaka nakufa. Ila kuna kipande nilikuwa nakiruka.

Rehema alikuwa mfungaji wetu. Nyinyi mnamjua kama fundi cherehani, mama wa Kiislamu mpole wa mtaa wa pili. Hamkumwona na mpira. Alikuwa anasimama chini ya goli kama mtu aliyepanga nyumba pale. Na tulikuwa marafiki, meza moja kiwandani, mimi nafunga boksi yeye anabandika karatasi, na tulikuwa tunacheka mpaka msimamizi anatutenganisha. Mwaka ule akaanza kuwa mzito. Akiruka anatua kwa mguu mmoja. Goti. Mimi niliona kabla ya kocha, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namtazama kila siku. Na kulikuwa na msichana mgeni kutoka Ukerewe, mrefu, ana miguu miwili mizima. Nikaandika jina la yule msichana.

Nilikuwa na wiki mbili za kumwambia Rehema. Wiki mbili, Kabula, meza moja! Kila asubuhi nasema leo, ikifika mchana nasema kesho. Akanieleza kwamba anasuka nywele kwa ajili ya safari, nikasema zitakupendeza. Akaniuliza Bukoba kuna baridi, nikamwambia beba kanga nzito. Alikaanga maandazi ya kula melini akaniletea niyaonje kama sukari inatosha. Niliyala. Nikasema inatosha.

Unajua watu wa hapa wanavyomsindikiza mtu bandarini. Rehema alikuja na mume wake, na watoto watatu wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa, na mama mkwe wake, na jirani mmoja. Mume amembebea begi. Tiketi zote nilikuwa nazo mimi, nikasimama langoni naita jina, mtu anakuja anachukua, anaingia. Nilimwona ananyoosha mkono tangu jina la tatu, kwa furaha tu, kunitania, kama kusema fanya haraka bwana. Nikaita la nne, la tano. Yule msichana wa Ukerewe nikamwita wa mwisho kabisa. Tiketi zikaisha. Na Rehema mkono wake bado uko mbele.

Nilifanya kama kuna mtu ananiita kutoka ndani, nikageuka nikapanda meli.

Tukashinda. Na tuliporudi nilishuka bandarini na kombe kichwani na wenzangu wanapiga vigelegele, na badala ya kupitia njia ya soko nikapita mtaa wa Rehema. Mpaka leo sijui kwa nini. Nadhani nilitaka aone kwamba nilikuwa sahihi. Mlango wake ulikuwa umefungwa na ndani taa inawaka.

Mwezi ule ule akaacha kiwanda, akanunua cherehani. Tangu hapo tumesalimiana misibani tu. Na mimi, nguo zangu zote ulizowahi kuniona nazo, hata ile ya mahafali yako, nimeshonesha Nyakato. Napanda gari kwenda na kurudi kupimwa na fundi anayenibana kwapani, wakati cherehani ya Rehema naisikia nikiwa jikoni kwangu.

Sasa wewe unashangaa kwa nini nilinyamaza uliponiuliza.

Halafu ikaja juzi. Ulikuwa kwenye simu na mkubwa wako, umefunga mlango, na mimi nilikuwa nafagia nje ya mlango huo, sehemu iliyokwisha kufagiliwa. Kiingereza chako kinakimbia sana, niliambulia "no" nyingi. Nikasema basi, amekataa, nitaficha wapi uso. Ulipotoka ukanikuta na ufagio, ukacheka, kucheka kwako kwa kwanza tangu mwezi wa tatu. Ukaniambia umekubali kwenda, ila umewapa sharti lako. Kila utakayemwandika kwenye orodha ya kuachwa, utamwambia wewe mwenyewe, mmekaa, mlango umefungwa, na utamweleza sababu. Hakuna kutuma mtu kwenye korido. Mkubwa wako akasema utachoka. Ukasema sawa, nitachoka. Akakubali.

Mwanangu, sikukuonyesha, ila nilikwenda nyuma ya nyumba nikakaa juu ya ndoo. Mzigo ulinishuka mgongoni kiasi kwamba nilitaka kulala pale pale. Nilifurahi kwamba unakwenda, sikudanganyi, nilifurahi kwamba sitaaibika. Lakini kulikuwa na furaha nyingine chini yake, ya ajabu kidogo, iliyochanganyika na aibu. Umekaa ukafikiri wiki kadhaa ukapata kitu ambacho mimi kwa wiki mbili nzima na maandazi mdomoni sikukipata.

Kwa hiyo leo ulipoondoka tu kwenda Bujora, nikavaa. Nikachukua kitenge kipya, kile cha rangi ya ndizi mbivu. Baba yako akaniona mlangoni.

"Unakwenda wapi?"

"Kwa Rehema."

Akakitazama nilichoshika, akasema, "Kitenge cha nini?"

"Nitampa anishonee."

"Kiache. Ukienda na kitenge mtaongea mshono."

Miaka yote nimeolewa na mtu huyu anayesema maneno kumi kwa siku, na sita ya leo yalikuwa hayo. Nikakiacha kwenye kochi.

Rehema alikuwa barazani na mafundi wenzake wawili, anapindisha sketi za shule. Ana miwani sasa. Akanitazama juu ya miwani, akatazama mikono yangu mitupu.

"Mama Kabula. Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Basi umepotea njia."

Nikakaa bila kukaribishwa. Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njiani, yote yakapotea, nikasema tu, "Rehema, sikukuchagua kwa sababu ya goti lako. Nilijua wiki mbili kabla. Nilikula maandazi yako na nilijua. Nilikuogopa."

Cherehani ikasimama. Akaitoa sketi chini ya sindano, akaiweka pembeni.

"Goti," akasema. "Unadhani sikujua nina goti? Nilikuwa nafunga bandeji ndani ya soksi, navaa soksi ndefu kwenye joto la Mwanza kama mtu wa Ulaya. Nilikuwa nasubiri uniambie pumzika, Rehema. Ungeniambia pale mezani ningekuja bandarini kuwapungia mkono na bandeji yangu nje. Ningekaanga maandazi ya timu nzima."

Nikasema, "Sikujua niseme vipi."

"Wewe?" Hapo akavua miwani. "Wewe ukinunua sufuria mtaa mzima unajua kipimo chake. Mdomo huo wa kutangaza masufuria ulikwenda wapi siku hiyo?"

Akaendelea, sasa polepole. Akasema mume wake, Mungu amrehemu, alirudi na begi kichwani kupitia katikati ya soko, na kila mtu anawauliza imekuwaje, meli imeharibika? Na mtoto wake wa mwisho alilala analia, anauliza, "Mama, meli imekukataa?" Akasema hilo ndilo lililomuuma. Netiboli ilipita, goti lilipita, ila hakuwa na la kumjibu mtoto, kwa sababu mimi sikumpa sababu yoyote ya kumjibu nayo.

Na kombe nililopita nalo mlangoni kwake? Nilimtajia mwenyewe, maana nilikwisha kuamua kutapika yote. Akasema, "Lile nilikusamehe siku ile ile. Nilichungulia dirishani nikakuona ulivyolibeba vibaya, limekuinamisha shingo. Nikasema huyu naye anateseka." Akacheka, na mimi nikacheka na kulia, na wale mafundi wawili wakajifanya wanatafuta uzi.

Sikwambii kwamba tumekuwa kama zamani. Aliniambia wazi, "Usidhani kesho nitakuja kukaa jikoni kwako." Nikasema sawa. Lakini akaagiza chai. Na tukiwa kwenye chai akaniuliza habari zako, kwa sababu hata yeye amesikia, nani hajasikia, na mimi kwa mara ya kwanza nilizisema bila kuongeza chumvi. Nilimwambia kwamba kazi yako ni kuchagua watu na kuacha watu, kwamba ulitaka kuikimbia, na kwamba unarudi.

"Na anaowaacha, nani anawaambia?"

"Yeye mwenyewe. Usoni."

Akakoroga chai yake ambayo haikuwa na sukari. "Basi mtoto amekupita."

"Amenipita," nikasema. Kabula, nimejisifu maisha yangu yote, lakini sijawahi kusema neno lenye kunifurahisha kama hilo.

Kwa hiyo nenda mama. Sikuombi uwe jasiri, wewe ni jasiri kuliko nilivyokuzaa. Najua utakosea. Utamwacha mtu ambaye hukupaswa kumwacha, akaenda timu nyingine akawafunga ninyi, na magazeti ya kule yatakuandika. Utamweleza mtu sababu kwa upole wote na bado atakutukana, na mama yake naye atakutukana huko aliko, na atakuwa na haki yake. Kuna siku utakuwa umechoka na utasema hili moja acha litumwe kwa simu. Ikifika siku hiyo sina la kukuambia, mimi ndiye niliyepanda meli. Nipigie tu. Hata kama huku ni alfajiri nipigie, sitatangaza, nakuapia, au nitamtangazia baba yako peke yake.

Na habari ya huku mtaani nimeanza kuisafisha. Yule mpakia magunia wa mwaloni, pale wanaposhusha samaki, niliyemwambia utamtafutia nafasi kwenye timu, nitakwenda kwake Jumatatu nimwambie nilisema uongo. Najua atafoka, ana mikono kama mapaja. Nitakaa karibu na mlango.

Zipu imefunguka, baba yako anashangilia peke yake. Nasikia na wewe unasalimiana na watu pale kona, sauti yako naijua, kwa hiyo nakunja karatasi. Mambo yamekaa sawa kuliko nilivyostahili, ndivyo ninavyoona mimi mama yako.

Lililobaki ni moja. Baba yako ameshapata waya wa kuunganisha kompyuta na televisheni, na viti nitaazima kanisani. Katekista anakuja, wenzangu wa kiwandani wanakuja, bibi yako analetwa kutoka Bujora. Na Rehema, nilipokuwa natoka barazani kwake, aliniita akaniuliza kwa ukali ni lini hasa timu yako inacheza, kwa sababu yeye atakuja, atakaa mbele, na atawashangilia wapinzani. Nimemwambia kama ulivyonitajia wewe: Jumapili ya pili ya mwezi wa tisa, saa mbili usiku, wote, hapa kwangu.